Kona ya barabara ya Manyovu ambako gari linapanda lenyewe: ni macho, ni sumaku au kuna jambo jingine?

#1 Mwanaujiji

Salaam, wanajukwaa. Katika barabara inayotoka Kigoma kwenda Manyovu kuna kona moja ambayo waendesha bodaboda wameizungumzia kwa muda mrefu, nami nilikuwa nikiipuuza mpaka nilipopita hapo na mjomba wangu kwa bajaji ya kukodi. Dereva alisimama mahali ambapo mbele yetu kilionekana kilima kidogo, akaweka fri, akaachia breki ya mkono, na bajaji ikaanza kukipanda kile kilima taratibu, mwendo wa mtu anayetoka sokoni na mzigo kichwani. Mjomba hakuridhika, akashuka na kuweka chupa ya maji ya plastiki juu ya lami, nayo ikabingirika kuelekea upande uleule wa juu.

Wapo waliokwenda umra wakapelekwa na wenyeji wao kwenye bonde lililo kaskazini magharibi mwa Madina, ambako magari huenda yenyewe kwa kasi ya kutisha, na wapo waliopita Kituluni, kule Machakos, Kenya, ambako maji yakimwagwa barabarani huonekana yakipanda. Ninaomba wenye ujuzi waniambie ni kitu gani kinachotokea hapa kwetu. Pia ninauliza kama ni busara kwa wakazi wa karibu na kona hiyo kuweka kibao na kibanda cha kahawa, kwa kuwa nchi nyingine watu hulipa kiingilio kwenda kuona mambo ya namna hii.

#2 Mtumbaku wa Urambo

Ndugu zetu wa mawese, poleni. Kabla hatujafika kwenye sayansi, hebu chunguzeni kwanza kama hapo hakukumwagika dumu la mafuta, maana sisi wa Tabora tunafahamu kwamba kwenu hata barabara imekaangwa. Ninarudi kusoma majibu.

#3 Mwalimu wa Fizikia

Ndugu Mwanaujiji, maeneo kama hilo yako mengi duniani na yamechunguzwa. Lililoelezwa vizuri zaidi ni Electric Brae, katika barabara ya A719 huko Ayrshire, Uskoti, ambako mamlaka zimesimamisha jiwe kando ya barabara linalomweleza msafiri kwamba kutoka kwenye kona ya bondeni barabara inapanda kwa kiwango cha 1 kwa 86, yaani mita moja kwa kila mita 86, lakini umbo la ardhi ya pande zote mbili hulifanya jicho lione kinyume chake. Jina lenyewe lilitokana na zama ambazo umeme ulikuwa jambo geni, na kila lisiloeleweka likibebeshwa umeme.

Mwaka 2003 Paola Bressan na wenzake wa Italia walitengeneza mezani mifano midogo ya barabara za aina hiyo, wakabadilisha miinuko yake na kimo cha upeo wa macho, kisha wakawaomba watu watazame kwa kupitia tundu na waseme barabara inapanda au inashuka. Walipata udanganyifu uleule bila mlima, bila gari na bila sumaku. Jambo kubwa ni kwamba mteremko mdogo unaotangulia au kufuata mteremko mkali huonekana kama mwinuko, hasa pale ambapo upeo halisi umefichwa na miti au kingo za barabara. Barabara ya Manyovu ina kona nyingi na imekatwa kwenye vilima, kwa hiyo singeshangaa hata kidogo kukuta mahali pa namna hiyo.

#4 Mkazi wa Kasingirima

Mwalimu, ninakuheshimu, lakini mimi nilifika kwenye lile bonde la Madina, na ninaomba nianze kwa kurekebisha jina: wenyeji wa huko hulifahamu kama Wadi al-Baidha, na hilo la bonde la majini limevuma zaidi midomoni mwa madereva wanaopeleka wageni. Gari letu lilikuwa basi dogo lililojaa watu wazima na maboksi ya tende. Dereva aliweka fri, na basi lile lilikwenda, likaongeza mwendo, likaendelea kuongeza mpaka akina mama wakaanza kuomba dua kwa sauti. Chupa ya plastiki kubingirika hatua chache ni jambo moja, na basi kukimbia kilomita kadhaa ni jambo jingine. Sisemi ni majini, kwa sababu sina elimu ya kulithibitisha hilo, lakini pia siwezi kukubali kwamba macho yangu pamoja na ya abiria wote yalikosea kwa umbali wote ule.

#5 Dereva Mstaafu wa Reli

Nimeendesha treni ya mizigo kati ya Tabora na Kigoma kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kutoyaamini macho yetu kuhusu mteremko. Kando ya reli huwekwa vibao vinavyoonyesha kiwango cha mwinuko, na dereva huviamini hivyo pamoja na mzigo ulio nyuma yake. Kiwango cha 1 kwa 86 alichokitaja Mwalimu ni kidogo kwa jicho la mtu anayetembea, lakini treni iliyojaa mizigo hukisikia mara moja na injini hubadilisha sauti.

Tazameni pia jambo hili. Tabora iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,200 na ziwa letu liko mita 773 hivi, na njia ya reli kati ya miji hiyo miwili ni kilomita zipatazo 400, kwa hiyo kwa wastani unashuka mita moja tu kwa kila kilomita moja. Abiria hukaa dirishani safari nzima bila kutambua kwamba anashuka, na zipo sehemu kabla ya Uvinza ambako niliweza kuapa kwamba tunapanda huku mabehewa yakinisukuma kutoka nyuma. Lakini sikuwahi kuambiwa nitoze kiingilio.

#6 Sumaku na Chuma

Ninashangaa hakuna aliyetaja madini. Mahali maarufu kuliko yote huko Kanada, karibu na mji wa Moncton, panaitwa Kilima cha Sumaku, na jina hilo halikutoka hewani. Ardhi yetu ya magharibi ina madini ya kila namna, na huenda chini ya kona hiyo kuna mwamba wenye chuma. Bajaji ina injini ya chuma, ina ekseli ya chuma, na haina uzito mkubwa. Ninaona ni vyema wataalamu wa jiolojia wapelekwe kabla hatujaanza kuzungumzia vibanda vya kahawa.

#7 Mwalimu wa Fizikia

Ndugu Sumaku, jina la Moncton lilienea kutokana na waandishi wa gazeti waliokwenda kupajaribu mwaka 1933, na wafanyabiashara wa utalii wakalikuza, lakini hakuna mwamba wenye sumaku unaovuta magari hapo. Zaidi ya hayo, soma tena maelezo ya mwanzo: chupa ya plastiki yenye maji ndiyo iliyobingirika. Sumaku ya ardhini haivuti maji wala plastiki, na sumaku yenye nguvu ya kuvuta bajaji ingemng'oa abiria saa mkononi kwanza.

#8 Fundi Mwashi, Mwanga

Mimi ni fundi wa nyumba, na ninaona mnazunguka mbuyu. Chukueni pima maji ya kawaida, ile ndefu, iwekeni juu ya lami mahali bajaji inapoanza kupanda. Kama hamuiamini kwa sababu lami ina vishimo, chukueni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, tunaoutumia kuhamisha usawa kutoka nguzo moja ya nyumba hadi nyingine, uujaze maji, utoeni hewa yote, kisha mtu mmoja ashike ncha hii na mwingine ashike ile. Maji hutulia kwenye usawa mmoja ncha zote mbili, bila kujali kuna kilima gani mbele ya macho yenu. Kazi nzima haifiki nusu saa, isipokuwa hewa ikibaki ndani ya mpira, kwa maana tone moja la hewa likikwama katikati huwatia mafundi vijana aibu kila siku.

#9 Mpimaji Ardhi

Fundi, ushauri wako ni mzuri kwa ujenzi, lakini kwa wale wanaodai kwamba nguvu ya uvutano yenyewe imepinda mahali hapo, pima maji haithibitishi chochote. Kama uvutano ungekuwa umepinda, maji yaliyomo kwenye pima maji, na yaliyomo kwenye mpira wako, na hata timazi, yaani uzi wenye kizito unaoonyesha wima, vyote vingepinda pamoja nao, nawe ungesoma usawa mahali pasipo na usawa. Ndiyo maana watu hurudi na pima maji kutoka maeneo kama haya kila mmoja akidai ameshinda.

Namna ya kuwajibu ni kuuliza uvutano unaweza kupinda kiasi gani. Mwaka 1774 Nevil Maskelyne alipima jambo hilohilo kwenye mlima Schiehallion wa Uskoti, kwa kuangalia nyota akiwa upande wa kaskazini na upande wa kusini wa mlima, kwa sababu nyota hazivutwi na mlima. Aligundua kwamba mlima kweli huvuta timazi, lakini pande zote mbili zikijumlishwa upindaji haukuzidi sana sekunde 11 za nyuzi, na nyuzi moja ina sekunde 3,600. Mteremko wa 1 kwa 86 ni sekunde zipatazo 2,400. Yaani mlima mzima wa mawe ulikuwa dhaifu zaidi ya mara 200 kuliko kile kinachohitajika kuyapandisha magari kwenye kona ndogo ya Uskoti. Hata tofauti ya uvutano kati ya ikweta na ncha za dunia ni kama nusu ya asilimia moja tu, kutoka 9.78 hadi 9.83 (mita kwa sekunde kwa sekunde). Kwa hiyo ninamuunga mkono Fundi, ila kwa sababu tofauti na zake.

#10 Mtumbaku wa Urambo

Nimerudi. Ninaona watu wa Kigoma wameanza kupima nyota ili waegeshe bajaji.

#11 Bi Safari za Ziwani

Shukrani kwa maelezo, hasa ya Mpimaji. Lakini mnazungumza kana kwamba mtu ni jicho tu lililowekwa juu ya kigingi. Miaka ile meli ya Liemba ilipokuwa ikisafiri, nilipenda kuchukua kabini, na kulikuwa na jambo ambalo sikulizoea kamwe: meli inapoinama kwa mawimbi, kuta za kabini huinama pamoja na kitanda na pamoja nawe, kwa hiyo macho huona kuta zimesimama wima, na taulo iliyoning'inizwa kwenye msumari ndiyo huonekana ikijitenga na ukuta na kuelea upande, kana kwamba kuna mtu anayeivuta kwa uzi. Taulo ndiyo peke yake iliyokuwa ikisema ukweli, nasi tuliishangaa hiyo hiyo.

Kule Marekani wamejenga biashara juu ya taulo hiyo. Katika jimbo la California, karibu na Santa Cruz, kuna kibanda kinachoitwa Mystery Spot kilichofunguliwa kwa wageni mwanzoni mwa miaka ya 1940, ambacho sakafu na kuta zake zimeinama pamoja, ndani ya msitu mnene usioonyesha upeo wa macho. Mgeni akiingia, mpira huonekana ukibingirika kwenda juu na mtu huonekana amesimama kwa kuegemea hewa. Mwaka 1999 Arthur Shimamura na William Prinzmetal wa Chuo Kikuu cha California waliandika kuhusu kibanda hicho, wakaeleza kwamba ubongo huamua wima kwa kutegemea chumba kinachouzunguka, na uchunguzi uliofuata wa Prinzmetal ukaonyesha kwamba mwili wa mtazamaji ukiinama nao, udanganyifu huongezeka. Kwa hiyo Mwalimu anasema upeo wa macho, nami ninasema masikio ya ndani, miguu na shingo. Kwenye bajaji iliyosimama kwenye mteremko, abiria naye ameinama.

#12 Mwalimu wa Fizikia

Bi Safari, hoja yako inafaa kwa kibanda, lakini mteremko wa nyuzi isiyofika moja hauinamishi mwili kiasi cha kuuchanganya. Mifano ya Bressan ilitazamwa na watu waliokuwa kwenye sakafu iliyo sawa kabisa, na bado walidanganyika.

#13 Bi Safari za Ziwani

Sikusema kwamba mwili ndio unaodanganya peke yake kwenye barabara. Nilisema kwamba ungeweza kuugundua ukweli na haukugundua, na hilo linahitaji maelezo. Mzee wetu wa reli anasema treni husikia 1 kwa 86. Kwa nini sisi hatusikii?

#14 Dereva Mstaafu wa Reli

Kwa sababu wewe hujabeba tani mia kadhaa, mama.

#15 Seremala wa Isevya

Mimi niko Tabora, mji usio na vilima vya kutegemea, kwa hiyo nimeusoma uzi huu kwa jicho la biashara. Mkitegemea barabara mnategemea bahati, lakini kibanda kinaweza kujengwa popote, hata hapa penye tambarare na miembe. Kibanda cha Oregon Vortex, karibu na Gold Hill katika jimbo la Oregon, kilichofunguliwa kwa wageni mwaka 1930, kilikuwa banda la zamani la watu wa dhahabu lililoteleza kutoka kwenye msingi wake, na hakuna aliyelinyoosha.

Kuna aina nyingine inayonivutia zaidi kama seremala, nayo ni chumba cha Adelbert Ames. Ukichungulia kwa tundu moja unaona chumba cha kawaida chenye pembe nne, lakini kwa kweli kona moja ya nyuma iko mbali zaidi kuliko nyingine, sakafu imeteremka upande huo, dari imepanda, na madirisha yamekatwa kwa umbo la trapezi ili yaonekane ya mstatili. Watu wawili wa kimo sawa wakisimama kwenye kona hizo mbili, mmoja huonekana jitu na mwingine huonekana mtoto. Nimeanza kukichora kwa mninga, na tatizo langu kubwa ni vigae vya sakafu, maana kila kimoja lazima kikatwe kwa kipimo chake ili kutoka kwenye lile tundu vyote vionekane mraba. Tundu likiwa pana mno, au mgeni akitumia macho mawili, kazi yote inaharibika.

#16 Mtumbaku wa Urambo

Sasa tumefika. Lakini sisi wa Tabora hatuhitaji hata mninga. Pandeni gari kutoka Tabora kwenda Urambo mchana wa Oktoba, mtaona bwawa la maji katikati ya lami, na mkilikaribia linahama. Mazigazi hayo ni ya bure, hayana kiingilio, na wala hayahitaji mtu kushuka kwenye bajaji.

#17 Mpimaji Ardhi

Mtumbaku, hilo ni jambo la namna nyingine kabisa na halifai kuchanganywa na mada. Katika mazigazi, hewa iliyo karibu na lami ina joto kali kuliko iliyo juu yake, mwanga unaotoka angani hupinda kabla ya kufika chini, na kinachokufikia ni picha halisi ya anga iliyokuja kwa njia iliyopinda. Jicho lako halikukosea, limepokea mwanga uliopo. Kwenye kona ya Manyovu mwanga unakuja moja kwa moja bila hila yoyote, na kosa liko katika hukumu.

#18 Mtumbaku wa Urambo

Lakini nikipiga picha bwawa langu, linaonekana kwenye picha. Na Mwanaujiji akipiga picha kilima chake, nacho kitaonekana kinapanda. Kamera haina ubongo. Nielezeeni hapo.

#19 Mpimaji Ardhi

Picha yake haina kilima, ina kingo, miti na lami. Kilima unakiongeza wewe unayeitazama picha. Ukitaka kupima, igeuze picha hiyo kichwa chini na uwaonyeshe watu wasioufahamu mjadala huu.

#20 Binti wa Kasulu

Ninaomba niseme la upande wa wateja. Tulipeleka wazazi wetu kwenye nyumba moja ya maajabu katika jiji ambalo sitalitaja, tukalipa kiingilio cha kila mtu, na kabla ya kuingia tukaambiwa tuache mikoba mlangoni. Mdogo wangu, ambaye anasomea ujenzi, alikuwa na pima maji ndogo mfukoni, na mwongozaji alipoiona alimwomba kwa adabu sana airudishe kwenye gari. Mle ndani mama alishikwa na kichefuchefu kabla hata hajaona mpira ukibingirika, akaketi chini na kukataa kuinuka mpaka tulipofungua mlango akaona nje. Kwa hiyo Bi Safari ana jambo, mwili unashiriki. Pia yeyote anayejenga kibanda Tabora aweke benchi nje, tena benchi lililonyooka.

#21 Mkazi wa Kasingirima

Bado sijajibiwa kuhusu basi letu. Mwalimu ametaja mteremko mdogo, Mpimaji ametaja nyota, lakini mwendo ule haukuwa wa mteremko mdogo.

#22 Mwalimu wa Fizikia

Ndugu yangu, mwendo wa gari lililo fri hautegemei ukali wa mteremko peke yake, hutegemea pia urefu wake. Mteremko wa wastani ukiendelea kwa kilomita kadhaa, gari huongeza kasi mpaka pale upinzani wa hewa na wa matairi unapolingana na msukumo, na basi lililojaa watu na tende lina uzito wa kutosha kuushinda upinzani huo kwa muda mrefu. Bonde lile lote linashuka upande mmoja, na milima ya kandoni ndiyo huyapa macho picha ya kinyume. Kwa hiyo macho ya abiria wote yalipewa ushahidi wa namna moja na yakatoa hukumu ya namna moja. Wingi wa mashahidi hausaidii wakiwa wamekaa kwenye basi moja.

#23 Mkazi wa Kasingirima

Maelezo yamenyooka, nami sitabishana na hesabu. Lakini dereva wetu alipogeuza basi kwa safari ya kurudi alilazimika kukanyaga mafuta mahali ambapo sote tuliona tunashuka, na hapo hapakuwa na mlima karibu upande wa kulia. Wallahu aalam.

#24 Bodaboda wa Manyovu Rodi

Wakubwa, mimi ni miongoni mwa wanaopita kona hiyo kila siku na usiku pia. Mwalimu anasema tatizo ni upeo wa macho kufichwa. Usiku hakuna upeo wowote, kuna giza na taa yangu, na bado ninaona kilima na pikipiki bado inakipanda. Mwenzangu anayepita na mimi yeye husema usiku huona barabara iko sawa tu. Kwa hiyo sisi wawili tumebishana kabla ya huu uzi kuanza. Tena mvua ikinyesha, maji ya mfereji wa kulia huenda upande ule pikipiki inakokwenda, na ya mfereji wa kushoto huenda upande wa pili.

#25 Mpimaji Ardhi

Hilo la mifereji ni jipya na ni zito kuliko yote yaliyosemwa. Mifereji ya pande mbili inaweza kuchimbwa kwa miteremko tofauti ili kuyapeleka maji kwenye makalvati tofauti, kwa hiyo hilo halipingani na maelezo ya macho. Lakini kama lami yenyewe imelala upande, na mfereji mmoja uko chini ya mwingine, basi kuna mteremko wa mlazo ambao hakuna aliyeuzungumzia, na huenda ndio unaoifanya bajaji ijielekeze upande mmoja inapoachiwa.

#26 Sumaku na Chuma

Au pia huenda chini ya mfereji mmoja kuna chuma.

#27 Fundi Mwashi, Mwanga

Nilikwenda na kijana wangu na mpira wa maji. Tuliushika kutoka pale bajaji inaposimamishwa hadi kwenye mti wa kwanza mbele, pembeni mwa lami kwa kuwa malori hayatungojei. Maji yalisema kwamba upande unaoonekana juu uko chini kwa zaidi ya shibiri. Niliwaonyesha vijana wa bodaboda waliokuwa hapo, wakatazama mpira, wakatazama kilima, na mmoja akaniambia mpira wangu una hewa. Hauna hewa.

#28 Bodaboda wa Manyovu Rodi

Ulipima pembeni, mzee wangu, na pembeni kumechimbwa mfereji. Bajaji haipiti mferejini.

#29 Dereva Mstaafu wa Reli

Kabla ya kupima katikati ya lami, ninaomba mfikirie usalama. Gari kusimamishwa kwenye kona ya barabara kuu, likaachiwa lirudi au liende bila gia, ni jambo la kumkuta mtu mahakamani. Wengine huzima injini kabisa ili kuonyesha muujiza, na hapo breki huwa nzito kwa sababu msaada wa injini haupo, na usukani wa magari mengi ya sasa hukakamaa. Yeyote anayelazimika kujaribu aache injini ikiwaka, na awe na mtu wa kusimama mbele na mwingine nyuma.

#30 Mwanaujiji

Ninawashukuru nyote. Wakazi wa karibu wameanza kuzungumza kuhusu kibao na maegesho, na baadhi wanataka miti na vichaka vya ukingoni vifyekwe ili wageni waone vizuri na magari yaonekane kutoka mbali, jambo ambalo mzee wa reli atalipenda.

#31 Mwalimu wa Fizikia

Wakifyeka vichaka vya upande wa bonde, upeo utafunuka, na sina hakika kama kilima chenu kitabaki. Vichaka hivyo ndivyo mnavyotaka watu walipie.

#32 Mpimaji Ardhi

Ninaongeza kwamba hata kibao chenyewe ni hatari kwa biashara hiyo. Nguzo iliyosimama wima kabisa kando ya lami itampa kila mgeni timazi ya bure, na miti iliyoinama ya kandoni itaumbuka.

#33 Seremala wa Isevya

Basi nguzo nayo iinamishwe kidogo kufuata miti.

#34 Fundi Mwashi, Mwanga

Kuinamisha nguzo si kazi ngumu. Nguzo za umeme za mtaa wangu ziliinamishwa na watu ambao hawakuwa na nia hiyo. Lakini kwanza nitarudi kupima katikati ya lami siku ya Jumapili alfajiri malori yakiwa machache, na yule kijana anayesema mpira wangu una hewa aje aujaze maji yeye mwenyewe.